Televisheni Ubavuni mwa Karavani

Nizwa,
Februari, 2006

Kwa ndugu yangu Nadhir,
mwenye karavani,
Sur.

KUHUSU: OMBI LA KUNG'OLEWA TELEVISHENI ILIYO NJE YA GARI LAKO

Ndugu yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima wewe, Balqis na watoto. Sisi hapa Nizwa hatujambo, isipokuwa shemeji yako Marhoun ana mafua aliyoyapata katika safari yetu ya mchangani, jangwani, na mafua hayo nimeyaingiza katika malalamiko yangu, kama utakavyosoma mbele.

Utashangaa kwa nini nakuandikia na simu ipo. Ni kwa sababu kwenye simu wewe hucheka, na mtu akinichekea mimi husahau nilichotaka kusema. Isitoshe, nimekuwa Mwalimu Mkuu wa skuli ya wasichana mpaka nikastaafu, na nimeona kuwa lalamiko la mdomo hakuna anayelishughulikia. Lililoandikwa angalau hutiwa kwenye faili.

Kwanza ahsante kwa safari. Gari lako ni zuri. Lina vitanda, lina jiko, lina choo, na vikombe vyake havikuvunjika hata kimoja ingawa njia ya kuingilia mchangani ilikuwa kama mgongo wa mamba. Uliposema umelipata Dubai kwa Mmarekani aliyekuwa akirejea kwao, nilidhani ni gari la wagonjwa lililopakwa rangi. Naomba radhi kwa dhana hiyo.

Kosa lake ni moja. Ubavuni, kwa nje, lina mlango mdogo kama wa kabati, na ukiufungua, ndani mna televisheni. Nimekaa nikajiuliza: mtu aliyefunga nyumba yake, akaiacha televisheni yake sebuleni, akaenda kulala jangwani chini ya miti ya mighafu ili aone mchanga na nyota, ana haja gani ya televisheni nyingine nje? Jawabu yangu ni kuwa hana. Sababu zangu nimezitia nambari ili ukinijibu unijibu moja moja, usirukeruke kama kawaida yako.

Lakini kabla ya nambari, niandike madhumuni ya safari yetu. Wewe unayajua. Nayaandika ili kumbukumbu iwe kamili.

Mume wangu Marhoun na kaka yake Mahrous walitoka Unguja katika meli moja wakiwa vijana, wakafika Oman na begi moja wakichangia, na kwa miaka mingi ulikuwa huwezi kumwalika mmoja bila ya kupika kwa wawili. Kisha binti yetu Ghalia akakataa kuolewa na Hisham, mtoto wa Mahrous. Toka hapo wazee hawa wakawa hawazungumzi. Hawakugombana kwa makelele, makelele yangekwisha. Wakikutana mazikoni au harusini, mmoja hutoa salamu na wa pili huitikia, kwa kuwa salamu ni wajibu, na baada ya hapo kila mmoja hutafuta nguzo ya kuitazama. Ghalia mwenyewe yuko Sohar na mumewe. Hisham ana mke na watoto. Wawili hao hupigiana simu siku za Idi na kutaniana. Waliobaki na kesi ni baba zao.

Mwezi uliopita daktari wa Ibra akamwambia Mahrous kuwa mishipa ya moyo wake imeziba, na kuwa lazima apasuliwe Maskati. Nilimpa Marhoun khabari hizo mezani. Akasema, "Mungu amponye," kisha akatoka kwenda kuitilia maji mitende ambayo asubuhi ile ile ilikwishatiwa maji. Nilimtazama dirishani. Alisimama na mpira wa maji mkononi mpaka maji yakamfika kwenye viatu.

Hapo ndipo nilipokupigia simu wewe.

Mpango wangu ulikuwa safi. Tungewachukua wazee wawili, tukawaweka pahala pasipo na wageni, pasipo na gazeti, wala simu ya kusingizia. Mtu asiyekuwa na kitu cha kutazama hana budi kumtazama mwenziwe. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, ningesema maneno machache niliyokuwa nimeyahifadhi kichwani. Marhoun angeomba radhi, Mahrous angeomba radhi, wangepeana mikono, tungesoma Fatiha na kunywa kahawa. Hata nani akae wapi nilikuwa nimekwishapanga. Wewe ulimfuata Mahrous Ibra, sisi tukaja na gari letu kupitia Sinaw na Mudhaibi, tukakutana Bidiya kama tulivyoagana, na mpaka hapo hakuna aliyeharibu kitu.

Sasa soma yaliyofuata.

1. KUHUSU GARI KUELEKEZWA INAKOTAKA TELEVISHENI

Tulipofika penye mighafu, mimi nilionyesha kwa mkono wapi gari lisimame: mlango uelekee mchangani, mgongo uelekee upepo. Ulilisimamisha hivyo hivyo, na nilikushukuru. Kisha ukafungua ule mlango mdogo, ukaona jua linapiga kwenye kioo na picha haionekani, ukarudi kwenye usukani. Uligeuza gari. Ukashuka, ukatazama, ukageuza tena. Mahrous na Marhoun walisimama kila mmoja chini ya mti wake wakikuangalia, na kama wangekuwa watu wanaosemeshana, hapo wangekuwa na la kusema.

Mwisho televisheni iliridhika. Jua la alasiri likawa nyuma ya gari, kioo kikawa kivulini, na sisi tukapewa upande wenye upepo. Mchanga uliokuwa ukipeperuka chini chini ulikuwa ukitupata kwenye vifundo vya miguu, na mafua ya Marhoun yalianzia hapo. Balqis aliniambia, "Wifi, hii mchanga ni baridi, wallah, ngoja nikuletee kiti." Ni mtoto mwema. Kiti aliniletea, lakini akakielekeza kwenye kioo.

2. KUHUSU SALA

Lalamiko hili nilitaka liwe la kwanza, lakini kwa utaratibu wa matokeo ni la pili.

Ilipofika sala ya alasiri tuligundua kuwa mtazamaji wa televisheni yako anaelekea kibla sawasawa. Palipokuwa na kivuli na zulia ndipo pazuri pa kuswali, ila kila atakayeswali hapo atakuwa mbele ya kioo. Marhoun alikuomba ufunge ule mlango mdogo. Ulisema waya ndiyo kwanza umekaa vizuri na ukiufunga utachomoka. Kwa hivyo tukahamia upande wa pili wa gari, jua likitupiga usoni na moshi wa jenereta ukitufuka kwenye pua.

Mahrous alisalisha, kwa kuwa ndiye mkubwa. Marhoun aliswali nyuma yake kwa unyenyekevu, akainama alipoinama, akasujudu aliposujudu. Waliporudi zulini, Mahrous alikaa mwisho wa huku na Marhoun akakaa mwisho wa huko. Alikubali kumfuata kaka yake mbele ya Mungu, lakini kumpitishia kikombe cha chai, la.

3. KUHUSU MATANGAZO YENYEWE

Ulituahidi stesheni zote za Kiarabu, mpira, na khabari za ulimwengu. Ulipanda juu ya gari, ukalizungusha dishi, Balqis akikaa chini na rimoti akipiga kelele, "Hakuna! Hakuna! Bado!" Jambo hili lilichukua sehemu kubwa ya alasiri ambayo mimi nilikuwa nimeitenga kwa wazee kuona upweke. Badala ya kuona upweke, walikuwa wakikuona wewe juu ya paa.

Mwisho likapatikana tangazo moja. Stesheni moja tu, na wanaozungumza humo ni watu ambao mpaka leo sijui ni wa nchi gani. Kiingereza sicho. Kihindi sicho. Mahrous, ambaye alisoma kidogo huko Ulaya ya mashariki katika ujana wake, alisikiliza akakunja uso, akatikisa kichwa. Palikuwa na theluji, na watu wamevaa kofia za manyoya, na treni. Ulituomba radhi ukasema utalirekebisha kesho. Nilifurahi. Nilijua hakuna mtu atakayetazama kitu asichokifahamu.

Katika kazi yangu ya ualimu sijapata kukosea kwa kiasi hicho.

4. KUHUSU JIRANI

Karibu na magharibi alitujia bwana mmoja wa Kibedui, Musallam, aliyekuwa na ngamia wake nyuma ya tuta la mchanga. Alikuja kwa adabu kubwa. Aliuliza khabari za afya, za njia, za mvua, za jamaa zetu wote, na baada ya kumaliza yote hayo ndipo akasema kuwa ana ngamia aliyekaribia kuzaa, na ngurumo ya jenereta yetu inamtisha, na kama hatutaona taabu angeshukuru tuizime.

Ombi la haki kabisa. Mimi nilikuwa nimekwishainuka kuja kukuita. Lakini Musallam alikuwa amekiona kioo. Nilimwambia kuwa hata sisi televisheni ile hatuitaki. Akasema, "Ya nyumbani kwangu ni kubwa kuliko hiyo. Mimi huja huku kuikimbia." Akakubali kahawa, akakubali tende, akakaa. Alikaa mpaka mwisho. Hakumkumbuka ngamia wake mpaka jenereta ilipozimwa na dunia ikawa kimya.

Nauliza, ndugu yangu: ikiwa kitu kinaweza kumsahaulisha Mbedui ngamia wake, kina nafasi gani mahali pa mapumziko?

5. KUHUSU TAFSIRI

Hili ndilo lalamiko kubwa. Wewe muda mwingi ulikuwa kwenye mkaa na mishikaki, kwa hiyo mengine hukuyaona. Nakueleza kama yalivyokuwa.

Kioo kilionyesha stesheni ya treni. Mwanamume mwenye masharubu alisimama na sanduku mkononi, na mbele yake mwanamke aliyejitanda shali ya kijani. Walitazamana kwa muda mrefu bila ya kusema. Marhoun, ambaye hawezi kukiona kitu kimya asikieleze, alimwambia Balqis aliyekuwa amekaa katikati ya zulia, "Huyu anakwenda kuposa."

Mahrous hakumtazama. Aliliambia buli la chai, "Kuposa gani na sanduku? Huyu kafukuzwa."

Nadhir, nilikuwa namimina kahawa nikaimimina nje ya kikombe. Kwa miaka yote ile hayo yalikuwa maneno ya kwanza yasiyokuwa salamu.

Marhoun alimwambia Balqis, "Mwambie atazame viatu vyake. Mtu aliyefukuzwa hawahi kupiga viatu rangi."

"Na wewe mwambie," Mahrous naye akamwambia Balqis, "mwenye kwenda kuposa hendi peke yake. Huchukua wazee."

"Mwambie wazee wako ndani ya treni."

"Mwambie treni hiyo inaondoka."

Balqis masikini aligeuza shingo huku na huku. Mwisho akasema, "Ami zangu, mimi nakwenda kutazama wali," akaondoka. Nafasi aliyoiacha ikawa wazi, na hapakuwa na mtu mwingine wa kupelekewa maneno. Musallam hajui Kiswahili, na mimi nilijitia kufuta kahawa iliyomwagika. Nilifuta sana.

Nikafikiri yamekwisha. Kisha yule mwanamke wa kwenye kioo akalia, na Mahrous akasema, safari hii akimwambia Marhoun mwenyewe, "Umeona? Anamwambia asende."

"Analia kwa furaha," alisema Marhoun.

"Hiyo ndiyo sura ya furaha?"

"Kwao ndiyo. Baridi ile!"

Waliswali magharibi, wakarudi upesi kuliko inavyostahiki. Treni ilikuwa imeondoka. Kwenye benchi la stesheni walikuwa wamekaa wazee wawili waliovaa makoti mazito, na mmoja wao alikuwa akisema kwa hasira na kumnyooshea mwenziwe kidole. Mishikaki ilikuwa inanukia. Kisha Mahrous akasema taratibu, macho yake kwenye kioo:

"Anamwambia, umenitia aibu mbele za watu. Kadi zilikwishachapwa."

Sikuona kadi yoyote katika filamu ile.

Marhoun alikuwa ameshika kikombe kitupu. Yule mzee wa pili alipofungua mdomo, naye akafungua wake. "Huyu anajibu, mtoto alikataa. Nimfunge kamba?"

Musallam akaniinamia akaniuliza kwa Kiarabu wazee wanasema nini. Nikamwambia wanatafsiri. Akasema, "Mashaallah, wanaijua lugha hiyo?" Nikamwambia wanaijua.

"Anasema, sikutaka afungwe kamba," aliendelea Mahrous. "Mtoto na roho yake. Nilitaka uje mwenyewe uniambie. Wewe ukanitumia mtu."

Mtu huyo ulikuwa wewe, Nadhir. Ulikwenda kwa sababu tulikutuma, na hakuna anayekulaumu. Nilikuona umeuinamia mkaa zaidi ya vile mkaa unavyotaka kuinamiwa.

Kwenye kioo mzee wa pili alivua kofia yake akaiweka magotini, akaitazama. Hakusema neno. Nilisubiri Marhoun amtilie maneno mdomoni, na hakumtilia. Mahrous alikuwa amegeuka. Alikuwa hatazami tena televisheni, alikuwa anamtazama mdogo wake. Na Marhoun, huku bado ameikazia macho theluji ya watu, akasema:

"Anasema, kaka, niliona haya."

"Hajafungua mdomo huyo," alisema Mahrous.

"Hajafungua. Lakini ndivyo anavyosema."

Mahrous alinyoosha mkono, akakichukua kile kikombe kitupu mikononi mwa Marhoun, akakitia chai, akakirudisha. Kisha upepo ukalipiga dishi na picha ikakatika. Ulikimbia na ngazi kwenda kulirekebisha, Mahrous akakwambia, "Kaa ule, Nadhir. Lililobaki tutalimaliza wenyewe." Na wakalimalizia wenyewe, mpaka wakati wa kula. Walibishana kama yule mwanamke alirudi nyumbani au alipanda treni iliyofuata, kama yule wa masharubu ni mumewe au ni kaka yake, na nani aliyemnunulia shali. Mahrous alicheka mpaka nikaogopa kwa moyo wake.

6. KUHUSU UTARATIBU

Huenda ukasema: basi dada, si wamepatana? Ndiyo. Na hapo ndipo penye lalamiko langu la mwisho. Mapatano hayo hayakufuata utaratibu wowote.

Hakuna aliyeomba radhi. Nimeyapima maneno yote yaliyosemwa pale, kila neno, na aliyeomba radhi ni mzee mmoja wa nchi za theluji ambaye hatumjui jina, na ambaye, kama alivyosema Mahrous kwa haki, hakufungua mdomo. Aliyesamehe ni mwenziwe. Ghalia hakutajwa. Hisham hakutajwa. Fatiha haikusomwa. Ukiniuliza leo nani alikuwa na kosa, sitaweza kukuambia, kwa sababu kesi yote imekwenda kwao na treni.

Na mimi nilikuwa na hotuba. Asubuhi yake nikaona si neno, hata kama mgonjwa amepona, dawa yake aimalize. Niliwakuta wamekaa kwenye viti viwili, kahawa katikati, wameelekea kile kioo kilichozimwa, wanazungumza. Mahrous alikuwa akisema anaogopa ile dawa ya usingizi kuliko kisu, kwa sababu mtu huenda asijue kama ameamka au la. Marhoun alikuwa akimwambia, "Utaamka. Nitakuwepo, nitakuita." Nikajiweka sawa mbele yao, nikafunga mikono, nikaanza, "Waheshimiwa ndugu zangu." Mahrous akaniambia kwa heshima zote, "Shemeji, tupishe kidogo, unatukinga."

Ninawakinga na nini, Nadhir? Kioo kilikuwa cheusi.

Nilikwenda nyuma ya gari nikakaa kwenye ngazi ya mlango. Balqis alinifuata na mkate wa ufuta, akaona macho yangu, akaniuliza kama ni mchanga umeniingia. Nilimwambia ni mchanga. Hili silitii nambari.

Kwa hayo yote, maombi yangu ni kama yafuatayo. Televisheni hiyo ing'olewe, na tundu lake lifanywe rafu ya vikombe, ambavyo vina faida ya wazi. Gari likisimama mchangani lielekezwe kwa upepo na kwa kibla, lisielekezwe kwa kioo. Na ikitokea tena jamaa zetu wawili wamekosana, wapatanishwe na mtu aliyezoea kazi hiyo, kwa lugha inayofahamika, na kwa maneno yao wenyewe. Mtu anayekwenda mchangani hana haja ya sauti za watu wa mbali. Akitaka kusikia sauti, amsikilize aliye naye.

Nadhani nimejieleza bila ya ghadhabu. Kama pana neno limekuuma, nisamehe kama dada yako aliyekulea.

Mpe salamu Balqis, na umwambie wali wake haukuungua sana. Wasalimie watoto, na majirani zako wa Sur walionitumia papa mkavu, na yule fundi wako wa magari, na kila atakayeniuliza. Marhoun anakusalimu kutoka ndani ya blanketi. Ghalia amepiga simu kutoka Sohar, naye anakusalimu. Nilimsimulia yote, akacheka kama unavyocheka wewe, nikaikata simu.

Ni mimi dada yako, ninayekutakia kheri na kungoja jawabu ya maandishi,

Rahila

Baada ya maandishi:

Barua hii sikuwahi kuitia posta. Tuliitwa Maskati ghafla kwa kuwa nafasi ya Mahrous ilipatikana mapema, na sasa nakuandikia nikiwa kwenye kiti cha hospitali. Alhamdulillah amepasuliwa, ameamka, jana amekunywa uji. Marhoun alimwita jina lake kama alivyomuahidi, aliita mara nyingi, hata baada ya mwenziwe kufumbua macho na kumwambia basi.

Ukutani mwa chumba chake kuna televisheni nzuri kabisa, stesheni zote za Kiarabu, picha safi kama maji. Waliitazama kidogo. Marhoun akabadilisha stesheni, akabadilisha tena. Kisha Mahrous akasema, "Izime bwana. Humu wanasema wenyewe kila kitu. Sisi tutasema nini?" Ikazimwa, na toka hapo wote wawili wamenuna, na mimi nimechoka kuwatazama.

Daktari akimruhusu tu tutakwenda pale pale penye mighafu. Njoo na karavani, na televisheni usiiguse. Nasikia pia kuwa umemwita fundi aje kulinyoosha dishi ili likamate stesheni zaidi. Tafadhali, ndugu yangu, mrudishe kwao.